Tuta Alilotaka Mama Mkwe

Tindo liliingia kwenye ufa, fundi akalipiga nyundo, na kipande cha zege cha ukubwa wa mkate kikang'oka. Akakitupa kwenye rundo lililokuwa likikua mbele ya ukuta wa mama mkwe wake, akafuta jasho, akapiga magoti tena. Kuvunja kazi ya mwingine kuna raha yake. Kuvunja kazi yako mwenyewe, tena haijapata hata doa la mafuta, ni kama kumeza dawa chungu huku ukiisifia ladha.

Tuta hilo la kupunguza mwendo wa magari alilimaliza wiki iliyopita, na kwa uimara hakuna wa kumlaumu. Kosa lilikuwa kimo. Mwenyekiti wa mtaa alipotoa ruhusa alisema lisipite kifundo cha mguu, na fundi alikuwa amelikomesha hapo hapo. Ndipo mama mkwe alipotoka, akalipapasa kwa unyayo, maana macho yake yana ukungu, akasema, "Ongeza kidogo, baba." Akaongeza. Akaambiwa tena, akaongeza tena. Mwanamume anaweza kubishana na mwenyekiti, na askari, na hata na mkewe siku akiamka vizuri. Lakini mama mkwe anayekuita baba kwa sauti ya upole habishiki. Kufikia jioni tuta lilikuwa linakaribia goti, na mama mkwe akaridhika.

Wa kwanza kulipanda alikuwa dereva wa teksi ambaye mtaa mzima humwita Umeme. Hakupunguza mwendo, kwa kuwa hajawahi. Magurudumu ya mbele yalivuka, ya nyuma yakagoma, na gari likabaki limelalia tumbo kama kobe juu ya jiwe. Watu walipolinyanyua, Umeme hakutukana mtu. Aliuliza tu, kwa utaratibu, kama hiyo ni barabara au ni uzio. Kesho yake mwenyekiti akaja, akatazama, akacheka, kisha akaacha kucheka na kusema livunjwe lote.

Mama mkwe hakuwa mkorofi. Ng'ambo ya barabara, lango kwa lango, anaishi dada yake, ambaye wote humwita Mama Mkubwa. Enzi za vumbi na mashimo, Mama Mkubwa alivuka kila alasiri na mkongojo wake, wakanywa chai na kuteta kwa nafasi yao. Kisha lami ikaja, nyeusi na laini, na magari yakaota mabawa. Nyonga ya Mama Mkubwa haikuota chochote. Siku moja alifika katikati, pikipiki ikampeperusha gauni, akageuka akarudi. Kushikwa mkono alikataa; alisema yeye si mzigo wa dukani. Mdogo wake naye hangeweza kuvuka, kwani gari aliliona likishapita. Basi wakawa wanapigiana kelele toka lango hili hadi lile, na wambea wa mtaa wakakosa kazi, kwa sababu siri zote za ukoo zilitangazwa hewani kabla hawajazichimba.

Sasa mwana wa Mama Mkubwa, anayekaa mbali, alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama yake akaishi naye. Mama wa kukaa langoni peke yake kama mlinzi, alisema, hajatunzwa. Hakukosea. Mama Mkubwa alikwisha kuanza kufunga vyombo. Tuta ndilo lilikuwa jibu la mama mkwe, na kwa kuwa lilikuwa linang'oka kipande kwa kipande, alijifungia ndani na leo hakumwita mtu baba.

Alasiri ilipoingia, katikati ya barabara palikuwa karibu tambarare. Fundi alisimama, akitarajia magari yaanze kuruka upya. La kwanza likapunguza mwendo. La pili likasimama kabisa, likapisha lililotoka mbele. Alidhani wanamwonea huruma yeye, akatoka barabarani akakaa kivulini. Bado wakapunguza. Akatazama tena. Rundo lake la vipande lilikuwa limekula upande huu wa barabara. Upande ule, mbele ya ukuta wa Mama Mkubwa, ulikuwepo mchanga uliobaki na toroli kando yake. Katikati iliachwa nafasi ya gari moja, na hilo nalo ni lazima lipinde.

Akaja Umeme. Alikuja kwa kasi yake, akaona, akakanyaga breki, akapita kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Dirisha lilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Miaka yote amepita pale, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa na muda wa salamu. Mama Mkubwa aliitikia kutoka kwenye benchi lake, akaitazama barabara kitambo, akainuka. Fundi alitaka kukimbia kumsaidia, akakumbuka habari ya mzigo, akatulia. Bibi alipita kando ya mchanga hadi ncha yake, akasimama hapo amekingwa. Kilichobaki mbele yake hakikuzidi upana wa sebule. Gari likasimama. Akavuka, akagonga lango kwa mkongojo.

"Mdogo wangu, fungua. Nimechoka kupiga kelele."

Komeo lililia. Mama mkwe akampapasa dada yake mabega, kisha uso. "Umevuka na nani?"

"Na miguu yangu."

Baadaye mama mkwe alimletea fundi chai mwenyewe, na ule ubaba ukarudi. Aliamuru vile vifusi visizolewe. Fundi akamweleza taratibu kwamba vifusi haviwezi kubaki barabarani, ila njia ya waenda kwa miguu inaweza kusogezwa mbele, upande huu na ule wa barabara, kwa mawe ya ukingo yaliyopangwa vizuri. Hakuna gari litakalolalia tumbo. Kesho asubuhi angekwenda kwa mwenyekiti kuomba.

Mama mkwe alitembea, akalitafuta rundo kwa unyayo, akalipita hatua kadhaa. "Basi vuta mpaka hapa, baba. Ongeza kidogo."

Fundi alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Hapana, mama. Hapo gari la wagonjwa halitapita."

Mama mkwe akarudi nyuma, hatua moja, nyingine, mpaka vidole vyake vikagusa vipande vya zege. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Akaingia ndani. Fundi akapigilia kigingi, akafunga kamba, akaivuta kufuata ukingo mpya, akafunga na kitambaa chekundu ili wa usiku waione. Mawe hayakuwepo, saruji ilibaki nusu mfuko, na mwenyekiti alikuwa hajasema ndiyo. Vyombo vya Mama Mkubwa bado vilikuwa vimefungwa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ndani, na nyuma ya ukuta zilisikika sauti mbili za chini, za chini kiasi kwamba fundi, kwa mara ya kwanza, hakujua ni nani anayetetwa.

Akakusanya tindo na nyundo. Toroli aliliacha palepale, barabarani.