Vyeti Vilivyozikwa Chini ya Bani

Redio ilikuwa ikisema tangu asubuhi kwamba nchi mbili zimenuniana. Burundi imejenga uzio wa seng'enge mpakani, Tanzania imeuita uchokozi, balozi mmoja amerudishwa kwao, na wakubwa wanaandikiana barua zenye heshima nyingi na maneno makali. Benigna alisikiliza mwiko mkononi, ugali ukiungua. Mabalozi hawakumhusu. Mumewe, Prosperi, alikuwa upande wa pili wa uzio huo.

Alikwenda kuondoa matanga ya shangazi yake. Akanywa pombe ya mtama na ndugu asiowajua, akaaga, akarudi na kukuta geti limefungwa.

"Mama Deus," alisema Prosperi kwenye simu. "Wanataka cheti halisi cha uraia, nakala ya kivuli wameikataa. Wa huku wananiambia nenda kwenu, wa kwetu wananiambia rudi kwenu. Siku ya tatu nalala hapa katikati. Jana wamechukua watu wawili, hawajarudi. Niletee upesi."

Ni ujinga wa watu wa Ulyankulu, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi, lakini ujinga wenye sababu. Wazee wao walikimbia mwaka sabini na mbili, na uraia wa Tanzania ulipokuja baada ya miaka karibu arobaini, hakuna aliyethubutu kutembea na karatasi yenyewe. Ikiibwa je? Ikilowa je? Basi cheti halisi kilifichwa, na mtu akatembea na kivuli kilichowekewa plastiki. Kwa Prosperi, vyeti vilizikwa chini ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ndani ya kopo la maziwa.

Benigna alichimba kwa jembe. Aliwaza mchwa tu. Kopo lilipofunguka alikuta vyeti vyote viwili, cha mumewe na chake, vizima kabisa, vikinuka tumbaku. Akakaa chini akalia.

Mama mkwe wake, Bibi Stela, alikuwa amesimama mlangoni akichungulia njiani.

"Unavichukua vyote, mwanangu?"

"Cha Baba Deus tu, mama."

"Basi fukia hicho kingine kabla mtu hajapita."

Akafukia. Akakanyagakanyaga udongo, akamwaga majivu juu. Angalau kimoja kiko salama, alijiambia, na moyo ukamtulia kidogo.

Alikifunga cheti cha Prosperi tumboni, chini ya kitenge, akapanda bodaboda hadi Urambo, na kutoka hapo basi la Kigoma. Njia hiyo zamani walipita wapagazi na pembe za ndovu mabegani, na hakuna aliyewauliza karatasi. Walikuwa na shida zao nyingine. Kila basi lilipopunguza mwendo, Benigna alishika tumbo. Abiria wa pembeni alimpa pole akidhani linamuuma.

Walipovuka Malagarasi, basi likasimama. Kulikuwa na gogo barabarani na askari sita.

"Tangu uzio ule wanakagua kila gari," alisema Nasri, kondakta, kwa sauti ya chini. "Toeni vitambulisho, ndugu zangu, tusikae hapa."

Askari mmoja alianzia viti vya mbele. Alimteremsha mwanamke mmoja na mizigo yake. Kisha akafika kwa Benigna.

"Unatoka wapi, mama?"

"Ulyankulu, afande."

Askari hakuendelea na kiti cha nyuma. "Karatasi."

Mkono wa Benigna ulikwenda tumboni, ukarudi. Hicho kilikuwa cha Prosperi. Akafungua mkoba, akatoa cha kwake kama alivyozoea kukitoa miaka yote, sokoni, zahanati, kwenye mikutano ya ushirika, na wala hakuna aliyewahi kukikataa.

Askari alikigeuza. Akaigonga plastiki kwa ukucha.

"Hiki kivuli. Halisi kiko wapi?"

Benigna alikumbuka bani. Aliliona jembe, na majivu aliyomwaga kwa mikono yake mwenyewe, na jinsi alivyofurahi.

"Nyumbani," alisema.

"Teremka, mama."

Akateremka. Cheti cha mumewe kilikuwa kimeloa jasho tumboni. Nasri alimshushia kapu lake, akamwangalia mara moja, akapanda, na basi likaondoka. Ndani ya mkoba simu ikaanza kuita. Ilikuwa ya Prosperi, akitaka kujua amefika wapi.