Isidore Anakatazwa Bugali

Katika kijiji kizima cha Kingi hapakuwa na mke aliyemlinda mumewe kama Bénédicte, na balaa lote lilianzia hapo.

Tangu muuguzi Jérémie amwambie Isidore kwamba damu yake ina sukari nyingi, apunguze bugali, yaani ugali wa muhogo, viazi na ndizi, na ameze kidonge kila asubuhi, Bénédicte alilishika lile neno "punguza" akalikamua mpaka likawa "acha kabisa". Usimcheke. Mjomba wake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na yeye ndiye aliyekuwa akikisafisha kidonda cha mguu huo. Basi unga wa muhogo ukaenda kufichwa kwa jirani, na Isidore akabaki na sombe, yale majani ya muhogo ya kupika, asubuhi na maharagwe kidogo jioni.

Mtu wa kukaa kitini angeweza kuvumilia. Isidore alisukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, akiteremsha magunia ya viazi mpaka soko la Sake, kisha akilikokota tena mlimani. Kabla ya kuondoka, wenzake huzunguka beseni moja la bugali na kula mpaka matumbo yakaze. Bénédicte alilifuata beseni lenyewe. Mbele ya wanaume wote akamnyang'anya mumewe tonge mkononi, akaapa kwamba atakayemlisha tena atamjua yeye ni nani. Wanaume waliangua kicheko. Isidore naye alicheka, akanawa mikono, na tangu siku hiyo akatii. Hata ndizi ya kupewa bure alikuwa akiirudisha, na mkewe akajisifu kwa hilo mpaka kanisani.

Wiki iliyopita Isidore alirudi nyumbani jasho likimtiririka, ilhali baridi ya jioni ilikuwa kali. Mikono ilimtetemeka. Alimwita Bénédicte kwa jina la dada yake, tena mara mbili. Mtu mwingine angeogopa. Bénédicte alifurahi! Alidhani ni ugonjwa unaomtoka kwa jasho, akampongeza. Maharagwe yalipoiva Isidore akala, akatulia, na kesho yake hakukumbuka amefikaje mlangoni.

Sasa Bénédicte alikuwa kituo cha afya, amekuja kuchukua vidonge vingine, uso umemchangamka.

"Muganga, bwana yangu anatii sana. Bugali hagusi, viazi hagusi."

Jérémie aliacha kuhesabu vidonge. "Hagusi hata kidogo? Leo asubui alikula nini?"

"Kidonge na sombe."

"Na sasa iko wapi?"

"Anashusha viazi ku Sake."

Muuguzi alisimama. Uso wake ulimtisha Bénédicte kabla hajasema lolote.

"Mama, nilisema mupunguze, sikusema mutoe yote! Siku ya kusukuma muzigo anapashwa kula bugali. Kile kidonge kinashusha sukari, na kazi nayo inaikula. Kama haiko kitu mu tumbo, sukari itaisha yote mu damu. Alisha kutetemeka? Kutoka jasho? Kuchanganya majina?"

Bénédicte alitoa simu. Akampigia Isidore. Iliita, ikaita, ikakatika. Jérémie akamtia mkononi pakiti ya sukari, akamwambia amwekee mdomoni palepale atakapomkuta, na Bénédicte akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Kila kona waliyoipita bila kumwona ilimpa nafuu kidogo, halafu kona iliyofuata ikaichukua. Alijichukia. Alijiona tena pale kwenye beseni, na mkono wake mwenyewe ukinyang'anya.

Wakamkuta mteremko unapoanza kuwa mkali. Chukudu lilikuwa mtaroni, viazi vimetapakaa, watu wakiviokota na kutia katika vikapu vyao. Isidore alikaa kwenye matope, shati limelowa chapachapa, macho yakitazama mahali pasipo na kitu.

"Alilewa asubui yote hii," mwanamke mmoja alisema. "Nilimupatia ndizi, akanisukuma mukono."

Bénédicte alipiga magoti. Aliirarua pakiti kwa meno, akamshika mumewe shingo, akampelekea sukari mdomoni.

"Isidore, kula. Kula, bwana yangu. Ni mimi, bibi yako."

Isidore alimtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Akageuza uso. Sukari ikamwagika kifuani.

"Hapana, Mama," alisema polepole, ulimi mzito. "Bibi yangu alinikataza."

Kisha akauma meno, akayakaza kwa nguvu zote zilizombakia, naye Bénédicte akalia akihangaika kuyafungua.