Wino wa Bluu Umeisha Nchi Nzima

Usiku wa jana niliota nimefungua duka langu la kadi hapa Tukuyu, saa nne asubuhi, na wateja wa kwanza ni rangi mbili. Njano na Bluu. Wamekuja kunigombeza.

Ndoto hii haikuzuka tu. Jana mchana alikuja Atupele, anayeolewa mwezi ujao, na kipande cha kitenge cha marehemu mama yake: njano kali, bluu kali. "Kaka, kadi ziwe hivi hivi. Mama hatakuwepo ukumbini, basi rangi zake ziwepo." Nikachora kadi nzuri mno, nasema mwenyewe. Jioni akapiga simu baba yake mdogo, Mzee Kasyupa, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Kamati imepiga kura, rangi ni maruni, hizo zangu ni za duka la vocha. Nichape asubuhi.

Nami, mwoga mkubwa, nikamwandikia Atupele kwamba wino wa bluu umeisha nchi nzima. Nikalala nimejikasirikia.

Sasa Njano anaingia. Katika uchoraji tulifundishwa kwamba njano humsogelea mtazamaji na bluu hurudi nyuma. Huyu ananisogelea mpaka pua yake inagusa yangu.

"Nani kaisha?" anafoka.

"Si wewe. Nilisema bluu."

Bluu, kwa kuwa kanuni inamtaka arudi nyuma, ameingia kinyumenyume na bado amenipa mgongo. "Nimeisha nchi nzima," anasema polepole. "Haya, tazama nje."

Natazama. Anga lote limekuwa maruni. Mama mmoja anaanua nguo mbio mbio, akidhani mvua inakuja.

Katikati yao amesimama Nyeupe, ile nafasi tupu ya kadi, amewazuia kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Rangi kali zikigusana bila nafasi hupigana. "Fundi, fanya haraka," ananiambia. "Nimechoka mimi."

Nafungua mdomo nijitetee, na duka limekuwa ukumbi wa kikao. Wajumbe ni viti vya plastiki arobaini, vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe wa maruni mgongoni. Mzee Kasyupa anasoma kumbukumbu.

"Wanaotaka maruni waseme ndiyo."

"Ndiyooo!" vinaitikia viti.

"Mwenye kitenge je?" nauliza.

"Marehemu hana kura," kinajibu kiti cha mbele.

"Na Atupele?"

"Bibi harusi haingii kikao. Kwani wewe mgeni hapa?"

Atupele yuko nje, dirishani. Midomo yake imepauka. Halafu nywele, halafu gauni, mpaka amekuwa kama picha iliyoanikwa juani miaka mingi. Mkononi kitenge cha mama yake kimebaki kitambaa cheupe.

"Kaka," ananiita, "na mimi nimeisha?"

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikapiga teke kiti cha mbele. "Acheni ujinga! Anaolewa yeye au mnaolewa ninyi? Bluu ipo! Chupa nzima, kabatini kwangu! Nilidanganya kwa sababu nilimwogopa huyu mzee!"

Mzee Kasyupa akakunja karatasi zake.

"Hayo ndiyo tuliyofuata," akasema Bluu, na kwa mara ya kwanza akageuka akanitazama. Ana macho ya mtu aliyelia. Nyeupe akashusha mikono, akaketi chini kupumzika.

Nikaamka. Jua limeshachomoza. Nalala chumba cha nyuma ya duka, na sakafuni, kutoka kabatini hadi kitandani kwangu, kuna nyayo nne za bluu mbichi. Visigino vimetangulia.

Simu ikalia. Mzee Kasyupa.

"Fundi, kadi za maruni zimetoka?"

Nikatazama zile nyayo. Nikawasha mashine.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Maruni imeisha. Nchi nzima."