Maziwa Hayanywewi Wima

"Kaa kwanza, mwanangu. Maziwa hayanywewi wima."

Mukankusi alisema hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi Cyriaque, mpimaji maziwa wa idara ya afya ya mji, alimtii akakaa juu ya jiwe kando ya barabara ya Rwezamenyo. Alipima kwanza, kisha akanywa kikombe kimoja chenye harufu ya moshi wa nyasi, maana mama huyo alikifukiza chombo chake kama walivyofanya wazee wake. Kazi haikumruhusu kunywa. Lakini tangu arudi kwao kutoka Bujumbura mwaka huo wa tisini na nne, vita vilipokwisha, hakuna mwingine aliyemwita mwanangu, wala aliyejali kama amekaa au amesimama.

Chumba alichopewa kilikuwa na misumari mitupu ukutani, iliyowahi kushika picha za watu asiowajua. Jioni aliitazama misumari hiyo mpaka giza likaifunika. Upweke ulimtafuna, tena bila haraka.

Asubuhi moja hakukaa. Alikuwa ametia maziwa kwenye kichupa, akaongeza spiriti ya kupimia kiasi kilekile, akatikisa. Maziwa yakakatika. Vibonge vidogo vikang'ang'ania kioo. Akarudia. Vilevile. Akamimina kidogo juu ya kitambaa cheusi, na pale katikati zikabaki nyuzi za manjano.

"Mama, ng'ombe ana chuchu iliyovimba?"

Mukankusi akatazama barabara. "Ng'ombe ya mtu haisemwi vibaya."

"Imevimba tangu lini?"

"Iko na moto kidogo tu. Imetembea na mimi toka Karagwe, mwanangu, na miguu. Imechoka, ni hiyo tu."

Maziwa yale yalikuwa yakienda chini ya mteremko, kwenye nyumba ya watoto waliobaki bila wazazi. Kuni zilikuwa za shida, na si kila siku yalichemshwa. Cyriaque aliwajua wale wadogo, matumbo mbele, shingo kama mabua. Angeweza kufumba macho, nani angejua? Kesho angekaa kwenye jiwe lake kama kawaida. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, na akajionea haya kwa kulitaka.

"Leo hayapiti," alisema. "Na kesho pia, mpaka daktari wa ng'ombe aione."

Mama hakubisha. Alijaza kikombe polepole, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Basi kunywa wewe."

Kwa watu wao, kukataa maziwa uliyopewa hivyo ni kumwambia mwenzako kwamba si mtu wako. Cyriaque alilijua hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

"Siwezi, mama."

"Basi mwaga wewe. Mkono wangu haujawahi kumwaga maziwa."

Yaliyokataliwa yalipaswa kumwagwa papo hapo, mwenyewe akiona. Cyriaque akakishika kile chombo cha mti, icyansi, akakiinamisha juu ya mtaro. Yalichukua muda mrefu kuisha. Jovia, muuzaji aliyekuwa nyuma kwenye foleni, alijifunika macho kwa upindo wa kitenge. Mukankusi hakujifunika. Alitazama mpaka tone la mwisho.

Cyriaque akapangusa mdomo wa chombo kwa kiganja, akamrudishia kwa mikono miwili. Akamweleza daktari anakopatikana, na jinsi ya kukanda titi kwa maji moto.

"Nimesikia, muganga," alisema Mukankusi, akakipokea kwa mkono mmoja.

Njia nzima ya kurudi Cyriaque aliligeuzageuza neno hilo. Muganga. Lilikuwa la heshima, la kumwita daktari, na lilimuuma kuliko tusi.

Siku zikapita bila Mukankusi kuonekana. Halafu asubuhi moja yenye ukungu akatokea, chombo kichwani, amefunga kitenge chake cha kila siku. Cyriaque akapima. Maziwa yakatulia kwenye kichupa, laini, bila kibonge.

"Imepona?"

"Imepona, muganga."

"Namshukuru Mungu."

"Na sisi."

Cyriaque alikuwa amekiosha kikombe chake mapema, amekishika mkononi. Mama alikiona. Alifunika icyansi kwa kifuniko chake cha ukindu, akajitwisha, akashika njia ya mteremko kuelekea kwa watoto. Harufu ya moshi ilibaki kidogo hewani, kisha nayo ikamfuata.

Jovia alikuwa ameshatua debe lake, anangoja. Cyriaque akasimama kando ya jiwe kwa kitambo. Kisha akakaa, ingawa hakuna aliyemwambia akae, kikombe kitupu kikiwa juu ya goti.