Avial ya Majaribio

Sikukuu ya Onam ilikuwa kesho, wageni kumi na wanane, na Shylaja alikuwa ameshaongea na hoteli. Walimpa hadi saa kumi jioni athibitishe.

"Chakula cha hoteli nyumbani kwangu?" mama yake, Devaki, aling'aka. Alikuwa amepikia karamu za mji wa Palakkad miaka arobaini. "Labda nife kwanza."

"Amma, jana uliniuliza kitunguu ni nini."

"Nilikikata, sikukikata?"

Alikikata, tena vizuri. Hapo ndipo Shylaja alipokwama. Ulimi wa mama ulikuwa mwepesi kama zamani, ila majina yalikuwa yakimtoka pamoja na maana zake. Yalianza kutoka yale ya nadra, yakafuata ya kila siku, na mwaka huu hata mzunze uliosimama uani haukuwa na jina tena.

Wakakubaliana: Devaki apike leo sufuria moja ya avial, ule mseto wa mboga na nazi, na Shylaja asitie neno wala mkono. Ikiharibika, hoteli.

Devaki akamwita jirani, Velayudhan, karani mstaafu. Ugonjwa wake ulikuwa wa aina moja na wa Devaki, ila umeshika upande mwingine. Alijua kila kitu. Kinywa ndicho kilichomgomea. Alianza kwa kudondosha maneno madogomadogo, na sasa sentensi yake ilikuwa neno moja, nalo alilisukuma kama gari bovu.

"Msemaji wangu kafika!" Devaki akasema. "Nipe yale marefu ya kwenye mti, ya kufyonza."

"Mm... mzunze."

"Hayo hayo. Na kile cha njano."

"Bi... bizari."

"Unajua mengi wewe! Mbona hukuoa?"

"Ni... li... oa."

"Kweli? Namhurumia."

Velayudhan akacheka hadi akashika ukuta.

Mboga zikakatwa urefu mmoja, nazi ikasagwa na pilipili mbichi. Kisha Devaki akachukua mkebe wa sukari akidhani ni chumvi, akaanza kuuinamisha. Shylaja akauma midomo.

"Su... ssu..." Neno likamkwama Velayudhan. Akanyakua mfuniko, akaugonga kwa mwiko, pang! pang!

Devaki akaganda. "Una wazimu? Unadhani hapa ni hekaluni, ugonge kengele?"

Velayudhan akamtilia chembe kiganjani. Devaki akalamba.

"Kumbe hiki ni cha chai! Ungesema mapema."

Velayudhan akainua mikono juu, akamsukumia chumvi.

Mtindi ukaingia, kisha majani ya mchuzi na mafuta mabichi ya nazi. Shylaja akaonja. Akaonja tena, kijiko kimejaa. Saa kumi kasorobo akapiga simu.

"Msilete kitu," akaiambia hoteli. Kisha akamgeukia mama yake. "Kesho unapika wewe, Amma. Ila Mjomba Velayudhan hatoki jikoni hata dakika moja."

"Naye ataenda wapi?" Devaki akasema. "Velayudhan, kesho saa kumi na moja alfajiri. Unasikia?"

Velayudhan akavuta pumzi, akasukuma. "Sa... saa... kumi na mbili."

"Maneno manne! Huyu mvivu anapona!"