Masijala ya Felicitas

Khalifa alipiga magoti mbele ya rafu ya chini kabisa, kofia yake ikigusana na vumbi la faili, akasema, "Feli hangeweka hii huko juu. Huyu Mbae mwenye kesi ni mtu wa Ishiara."

Feli. Miaka ishirini na sita nilimwita Mama Wanja, na siku za hasira nikamwita Felicitas. Sikujua alikuwa na jina lingine fupi, la kuitwa na mtu wa kupeleka samansi za korti kwa pikipiki.

Tulikuwa ndani ya masijala ya ofisi ya sheria ya manispaa, chumba kisicho na dirisha ambamo mke wangu alitunza faili za kesi mpaka ugonjwa ukamlaza. Tulikuwa tumemzika nyumbani kwetu Kanja, miezi mitatu iliyopita. Wiki hiyo mkubwa wao, wakili Muchangi, aliniandikia barua. Binti yangu Wanja akanisomea, maana shule yangu iliishia darasa la tatu. Ati faili ya Mbae na wachinjaji wenzake walioshtaki manispaa kwa kuvunjiwa vibanda ilipotelea mikononi mwa marehemu. Nipekue nyumba. Isipopatikana kufikia Ijumaa, yeye Muchangi ataapa mbele ya jaji kwamba Felicitas ndiye aliyeipoteza.

Wakubwa ndio hao. Akiwa hai hawakumpa hata kiti chenye mgongo mzima. Alipokufa wakampa makosa yao ayabebe, kwa sababu maiti hajibu barua.

Nilipekua. Chini ya kitanda, ndani ya pipa la mahindi, hata kwa sanduku la nguo zake za kanisa ambalo nilikuwa sijathubutu kufungua. Hakuna. Ndipo nikaenda mjini nimwambie Muchangi uso kwa uso kwamba mke wangu hakuwahi kupoteza hata sindano.

"Pole mzee, lakini kompyuta inasema ilikuwa kwake," alijibu bila kuinua macho. Karatasi ya kiapo ilikuwa mezani tayari, imebaki sahihi. "Hivi vitu mama alipanga kivyake. Wewe alikuelezea?"

Alikuwa akifika jioni, anavua viatu, na mimi namuuliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Khalifa ndiye alisema kutoka mlangoni, "Mimi najua kidogo, mkubwa. Wacha tuingie na mzee."

Basi akanionyesha. Felicitas alipanga faili kufuata mlima. Watu wa kwenye majani chai, rafu ya juu. Wa kahawa kama sisi, katikati. Wale wa huko chini kwenye joto kama Ishiara, wa mtama na mbuzi, karibu na sakafu.

"Alinipangia mimi," Khalifa alisema akicheka. "Nikibeba karatasi za siku nateremka mlima tu, sirudi nyuma. Alisema nitaisha mgongo."

Chumba kizima, ukuta hadi ukuta, kilipangwa ili mwanaume mwingine asichoke.

"Alikuwa anacheka akikwambia hivyo?" nikauliza.

"Sana! Feli na vichekesho! Kwani nyumbani hakuwa hivyo?"

"Hata nyumbani alikuwa hivyo," nikasema.

Aliingiza mkono nyuma ya faili mbili nono, akavuta ya Mbae, akaipangusa kwa shati lake. Pole pole, vile mtu anapangusa uso wa mtoto. Nikamnyang'anya. Nikatembea nayo kama mwizi hadi mezani kwa Muchangi.

"Hii hapa. Mke wangu alinielezea vile anapanga."

Muchangi akafungua, akageuza kurasa. "Kumbe mzee unajua kazi ya mama."

"Nilikuwa bwana yake."

Nikamgeukia Khalifa. Aseme ukweli kama anataka. Alikuwa amevua kofia, anaikunja kunja.

"Ndio, mkubwa," akasema. "Mzee ndiye alijua. Mimi nimeinama tu."

Muchangi akakirarua kile kiapo mara mbili. Pole hakusema. Jina la mke wangu lilikuwa limepona, na mimi badala ya kushukuru nilitamani Khalifa angenikana, nipate sababu ya kumpiga.

Nje, kando ya pikipiki yake, alinisimamisha.

"Baba Wanja, siku ya mazishi sikukuja. Niliogopa utauliza mimi ni nani."

"Ningeuliza," nikasema.

Tukabaki tumesimama hapo juani, kila mtu akingoja mwenzake aondoke kwanza.