Maji Yaliyosikiliza Somo

Asubuhi ya mafunzo, Sista Sabuni aliwakusanya wauguzi nyuma ya hospitali, kwenye sakafu ya saruji yenye tundu la mfereji katikati. Alimkalisha mlinzi kwenye kiti cha plastiki, akampaka unga wa ngano tangu utosini hadi miguuni. Unga ndio uliokuwa sumu ya siku hiyo.

"Nguo kwanza," alisema. "Mkishamvua nguo, sehemu kubwa ya sumu imeondoka nazo."

"Zote, Sista?" mlinzi aliuliza.

"Suruali tutakuachia, babu. Leo ni mazoezi."

Aliwaonyesha namna ya kumwosha mgonjwa kuanzia kichwani kushuka chini, taratibu, bila kumsugua kama sufuria iliyoungua. Kisha akasema kwamba maji yaliyomwosha mgonjwa nayo ni sumu; hayaachwi yakaenda zake, hukusanywa kwenye tangi. Hilo alilirudia, maana mfereji ule uliteremka bondeni na kupita kando ya kisima cha mama yake.

Tangi lenyewe halikuwepo. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa akimpiga danadana tangu mwaka uliopita.

Kabla mlinzi hajasuuzwa, lori la dawa za kuua wadudu lilipinduka barabarani, na dereva akaletwa amelowa dawa chepechepe, anakohoa, macho yamevimba. Mlinzi alimpisha kwenye kiti. Wauguzi walivaa glavu, wakamkata dereva nguo zake, wakazifunga kwenye mfuko, wakafungulia maji.

"Fumba macho, baba," Sista alimwambia. "Tuko nawe."

Mikono yake ilikuwa kwenye nywele za dereva, macho yake kwenye tundu la mfereji. Akifunga maji, mtu huyu atamfia mikononi. Akiyaacha yaende, jioni mama yake atayateka.

Maji yalifika kwenye tundu, yakasimama. Yalirudi nyuma kidogo, yakajikusanya, yakainuka yakiwa na umbo la dereva, kitambi na yote, kisha yakaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, mbali na watu. Yalikuwa yamesikiliza somo tangu asubuhi.

"Walau mmoja ameelewa," alisema Sista, akaendelea kusuuza.

Dereva alipona. Siku ya kuruhusiwa alipita benchini na mkewe, akajitazama.

"Kumbe kitambi changu kimefika hapa?"

"Si nilikuwa nakwambia?" mkewe alisema.

Mkurugenzi naye alikuja, akalizunguka benchi mikono mgongoni.

"Sista, mafunzo yajayo hicho kipengele cha maji ukiruke. Au ukifundishie ofisini, mlango umefungwa."

"Na tangi, mkuu?"

"Linashughulikiwa."

Sista alifundisha palepale, bomba likiwa wazi lisikie. Baada ya dereva akaja fundi wa kupaka rangi, kisha mwalimu aliyemwagikiwa tindikali maabarani. Maji yao nayo yaliinuka, yakabanana benchini. Wauguzi walifunga kamba kuwazuia wapitaji, na kila asubuhi waliyasalimu kama wagonjwa wengine.

Habari zilifika bondeni. Mama yake Sista alipanda mlima kwa mkongojo wake, akasimama kwenye kamba.

"Hawa ndio waliokataa kuja kwangu?"

"Ndio, mama. Usiwaguse."

"Siwagusi. Nawashukuru." Aliinamisha kichwa, na maji yakainamisha vyao. "Wamelelewa vizuri. Nani aliwafundisha?"

"Mimi, mama."

"Nilidhani hivyo." Aliwatazama tena, jinsi walivyokuwa wamebanana mabega. "Na siku wakichoka kukaa?"

Sista alimfunga mama yake mtandio vizuri, akamsindikiza hadi getini. Pale mama aligeuka, akawapungia mkono wale wa benchini, kisha akaanza kuteremka polepole, awahi kuteka maji ya jioni.